Redio imejadili ardhi yetu bila sisi kuwepo, afu ikacheka tunavyoongea: nina haki gani?

"Shikamoo wakili. Mi ni Mmasai, kwetu ni tarafa ya Ngorongoro ila kwa sasa naishi Sakina hapa Arusha, nafanya kazi ya ulinzi. Wiki iliyopita redio moja ya hapa mjini ilikuwa na mjadala asubuhi, mada ni wafugaji kuhama hifadhini na haki sawa kwa wananchi wote. Wageni walikuwa watatu, hakuna hata mmoja wa kutoka kule. Mtangazaji akawa anaigiza tunavyoongea Kiswahili, wenzake wanacheka, akasema Wamasai wanapenda ng'ombe kuliko watoto wao ndo maana hawaelewi maendeleo. Nikapiga simu, nikaongea kidogo tu nikakatwa. Mwenzangu kazini ni Mchaga wa Rombo, ananiambia nisilalamike, wao kila siku wanaitwa wezi na kwamba wamejaa serikalini asilimia kubwa na hakuna anayewatetea. Mwingine anasema Rwanda ilianza hivi hivi, nikamshtaki mtangazaji kwenye mahakama ya kimataifa si ipo hapa hapa Arusha. Klipu ninayo, vijana wetu wanataka tuisambaze na sisi tulitukane kabila lake. Je sheria inanilinda, au ndo uhuru wa habari wenyewe huo? Na kwa nini vyombo vya habari visilazimishwe kutupa nafasi sawa?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nimeusoma ujumbe wako vizuri na naona umefunga malalamiko matatu kwenye furushi moja: kuchekwa lafudhi, kujadiliwa bila mtu wenu kuwepo, na kukatwa simu. Naomba tuyatenganishe kwanza maana kisheria hayana uzito sawa kabisa, na lile linalokuuma kuliko yote, la kuchekwa, ndo ambalo ni gumu zaidi kulisimamia, wakati lile ulilolitaja kwa sentensi moja ukapita, kwamba wageni watatu na hakuna wa kutoka kule, hilo ndo lenye miguu ya kusimama. Watu wengi wanaonijia na ishu za redio wanakuja na hasira ya tusi. Redio inaomba radhi kwa sentensi mbili, wanarudi nyumbani, na mjadala uliofanyika bila wao unabaki vile vile kama ulivyorushwa. Mi nataka wewe upate zaidi ya hizo sentensi mbili.

Tuanze na Katiba maana kila mtu anaitaja. Katiba yetu ya 1977 ilipoanza haikuwa na sura ya haki kama tunayoijua leo, haki hizo ziliingizwa 1984 na mahakama zikaanza kuzisimamia 1988. Ibara ya 12 inasema watu wote ni sawa, ya 13 inakataza ubaguzi na inataja wazi kabisa kabila na mahali mtu alipotokea. Ila soma vizuri hiyo ya 13, katazo lake limeelekezwa kwa mtu au mamlaka inayotumia madaraka ya kisheria au inayofanya kazi ya mamlaka ya nchi. Yaani ofisa akikunyima huduma kwa sababu ya kabila lako, Katiba inamshika moja kwa moja. Mtangazaji wa redio binafsi akikuigiza lafudhi, hapo Katiba inakuwa mbali kidogo, inabidi upitie sheria za utangazaji na leseni ya hiyo redio. Nakwambia hivi mapema ili mtu asikuchukulie hela akakuahidi kesi ya kikatiba dhidi ya mtangazaji.

Halafu kuna ibara ya 18, ndo hiyo watu wanaiita uhuru wa habari. Wengi wanaijua nusu, kwamba inampa mtangazaji uhuru wa kusema, na ni kweli inampa, lakini ibara hiyo hiyo inakupa na wewe msikilizaji haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi na masuala muhimu kwa jamii. Kuhamishwa kwa watu Ngorongoro ni suala la namna hiyo kabisa. Kwa hiyo ukiulizwa pale redioni kwa nini unaingilia uhuru wao, jibu lako ni kwamba na wewe uko ndani ya uhuru huo huo, mtu wa Njiro au wa Kijenge aliyesikiliza kipindi kile naye amekoseshwa taarifa, amesikia habari ya watu bila kuwasikia wenyewe.

Sasa lile la ng'ombe na watoto. Ni neno baya, linamchukua mzazi mmoja mmoja wa Kimasai na kumwambia hana upendo kwa mtoto wake, na kwa wazazi niliofanya nao kazi Monduli na Loliondo hilo ni kinyume kabisa na ninachokijua. Lakini ukienda mahakamani kudai kashfa utakutana na ukuta, maana kashfa inataka mlalamikaji awe ametambulika yeye mwenyewe kwenye maneno yale. Akisema mlinzi fulani wa Sakina ni mwizi na watu wakajua ni wewe, una kesi. Akisema kabila zima la maelfu kwa maelfu ya watu, mahakama itakuuliza wewe umeumizwaje peke yako, na utakwama. Mwenzako wa Rombo naye yuko kwenye ukuta huo huo, akisikia Wachaga wezi hawezi kudai fidia binafsi kwa urahisi. Ndo maana mnaona kila kabila linasemwa na hakuna anayeshtaki, sheria haijawaruhusu watu kutukana, ila hii njia moja ya fidia imefungwa na kuna njia nyingine ambazo watu hawazijui.

Kabla sijazitaja hizo njia naomba uniskie kwenye hili la klipu maana hapa unaweza ukatoka mlalamikaji ukawa mshtakiwa ndani ya siku moja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza kwa kompyuta maudhui ya kibaguzi na inakataza kumtukana mtu kwa sababu ya rangi, ukoo, utaifa, asili ya kabila au dini, na simu yako inahesabika kabisa. Vijana wakiirusha klipu kwenye magrupu ya WhatsApp na maneno yao ya kulitukana kabila la mtangazaji, wao ndo watakuwa wamevunja sheria kirahisi kuliko hata yeye, maana yeye atasema alikuwa anatania na wao watakuwa wameandika. Klipu itunze. Iweke nakala sehemu mbili, usiikate wala usiiunganishe na kitu kingine, andika pembeni tarehe, saa, jina la kipindi na masafa ya redio. Basi, ikae hivyo.

Kuhusu Rwanda. Huyo mwingine aliyekwambia ushtaki mahakama ya kimataifa amekosea kuhusu mahakama, ila hofu yake siidharau hata kidogo, na sisi wa Arusha tuna sababu ya kuielewa kuliko watu wengine. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokaa pale AICC, jengo la mikutano la hapa mjini, iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na ikafunga kazi mwisho wa 2015, na taasisi iliyorithi shughuli zake ipo Laki Laki lakini inamalizia mambo ya Rwanda na ya Yugoslavia ya zamani tu, hawapokei malalamiko ya redio za hapa. Kwenye mahakama ile kulikuwa na kesi iliyoitwa kesi ya vyombo vya habari, ilihukumiwa Desemba 2003, washtakiwa ni Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio RTLM pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. RTLM ilianza kurusha Julai 1993, ilipendwa sana na vijana, miziki, utani, watangazaji wanaongea kama mko nao kijiweni. Watu walizoea kusikia kabila moja likisemwa kama kitu kimoja chenye tabia moja, na ilipofika Aprili 1994 redio ile ile ikawa inataja watu na sehemu walipo ili wauawe.

Rufaa iliamuliwa Novemba 2007, na majaji walitenganisha kitu ambacho wewe unakihitaji: walisema maneno ya chuki peke yake bado hayajafika kwenye kosa la kuchochea mauaji ya kimbari waziwazi na moja kwa moja, na kwa upande wa RTLM hatia ikasimama kwenye matangazo ya baada ya tarehe 6 Aprili 1994. Nahimana, ambaye si yeye aliyekuwa kwenye maiki, alibaki na hatia kwa sababu alikuwa na mamlaka juu ya waliokuwa kwenye maiki na hakuwazuia, akapewa miaka 30. Kwa hiyo ulichosikia wewe wiki iliyopita hakijafika huko na usiandike kwenye barua yako kwamba kimefika, utapoteza heshima ya malalamiko yako. Lakini hilo la pili lichukue uende nalo: mwenye chombo na mhariri wana wajibu wa kile kinachosemwa na mtangazaji wao. Barua yako usimwandikie mtangazaji.

Nirudi kwa mwenzako wa Rombo, maana hoja yake kwamba hata sisi tunatukanwa kwa hiyo nyamaza inasikika kama busara na inaumiza pande zote mbili. Hayo madai ya asilimia ya kabila fulani serikalini nayasikia kila uchaguzi unapokaribia. Muulize anayesema, namba kaitoa wapi? Sensa ya mwisho nchini kuuliza watu kabila ni ya mwaka 1967. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120 na hakuna aliyeulizwa kabila lake. Huwezi kusema kabila hili limezidi kwa asilimia kadhaa wakati hujui hilo kabila lina watu wangapi, wanachofanya watu ni kusoma majina ya ukoo kwenye orodha na kukisia, na majina yenyewe siku hizi yanadanganya maana watu wameoana. Ambacho kipo na kinaeleweka ni historia. Wamisionari walifika mapema mlimani, Kilema na Machame, mwishoni mwa miaka ya 1800, shule zikaanza na kahawa ikaingia, wakulima wakaanzisha chama chao cha kahawa 1925 na kufika 1933 kukawa na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima, pale Moshi, hela ya kahawa ikasomesha watoto. Baada ya uhuru serikali ikajaribu kusawazisha kwa kugawa nafasi za sekondari kimkoa ili watoto wa sehemu zenye shule chache nao wapate, wazazi wengi wa Kilimanjaro wakaona wameonewa na wakajenga shule zao binafsi. Sasa kwa upande wenu, mwaka 1959 wazee walitolewa Serengeti na Ngorongoro ikawekwa kama eneo la watu, mifugo na wanyamapori pamoja, na shule zilifika kwa kuchelewa na mbali mbali. Mjadala mzuri wa haki sawa ungeanzia hapo, nani alipata nini lini na kwa nini. Ukianza na tabia za kabila, yaani wale wanapenda hela na wale wanapenda ng'ombe, hayo yote yanafutika, na hakuna swali linalobaki la kumuuliza mwenye mamlaka.

Sasa kwa nini wanafanya hivi? Kwa nilivyoona kwenye vyumba vya habari, mara chache kuna njama. Kipindi cha asubuhi kinaandaliwa jana yake jioni, mtangazaji na prodyusa mmoja, wakati mwingine hakuna hata huyo prodyusa. Wanahitaji wageni wa kufika studio saa moja asubuhi, kwa hiyo wanaalika watu wa mjini wenye namba zao kwenye simu. Loliondo ni mamia ya kilomita kutoka hapa, mwandishi wa kujitegemea analipwa kwa habari moja moja na hela yenyewe haitoshi nauli, anakwenda kule akipata kiti kwenye msafara wa kiongozi, na akiwa kwenye msafara wa kiongozi anarudi na habari ya kiongozi. Mzee anayeijua ile ardhi vizuri anaongea Kimaa, redio zinatakiwa kurusha kwa Kiswahili au Kiingereza, mkalimani hakuna kwenye bajeti, basi mzee anaachwa. Hakuna aliyekaa akasema tusiwaite Wamasai. Ila matokeo yake ni kwamba mnakuwa watu wa kusemwa, na mtu anayesemwa tu bila kujibu ni rahisi sana kumgeuza kichekesho. Kwa macho yangu ile lafudhi imezaliwa na kile kiti kilichokuwa kitupu, angekuwepo mama mmoja wa Nainokanoka pale studio sidhani kama kuna mtu angethubutu.

Na kukatwa simu usikuchukulie moja kwa moja kama ubaguzi. Redio inawajibika kwa anachosema mpigaji pia, Kamati ya Maudhui ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, inaweza kuipiga faini au kuisimamisha, na mada za ardhi na hifadhi zinawatia hofu. Hapa naomba niseme ninachoamini wazi: kanuni zilizowekwa kutulinda na matusi ya kikabila zimezaa pia uoga wa kumpa mwananchi wa kawaida maiki, na huo uoga unawaumiza zaidi wale wasio na namba kwenye simu ya mtangazaji. Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo nayo ipo hapa Arusha, mwaka 2019 ilisema vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya 2016 vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Kwa hiyo mimi sitakushauri uombe adhabu kali zaidi kwa vyombo vya habari. Vikiogopa zaidi, wewe utakatwa simu mapema zaidi.

Swali la nafasi sawa sasa. Wakati wa kampeni za uchaguzi kuna taratibu kuhusu muda wa vyama hewani, lakini nje ya hapo hakuna anayehesabu dakika za kabila, na mimi sitamani tufike huko, tutaanza kuulizana nani ni kabila gani kwenye kila kipindi. Kipimo cha haki ni kingine na ni rahisi kukieleza: jambo likimgusa mtu moja kwa moja, atafutwe kabla, asikilizwe kwenye hoja yenyewe, na akisemwa vibaya apewe nafasi ya kujibu. Waandishi wote wanafundishwa hivyo. Wameru walipohamishwa Engare Nanyuki mwaka 1951 walichanga hela wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa New York mwaka 1952, wakisaidiwa na wakili Earle Seaton aliyekuwa Moshi, na ardhi hawakurudishiwa kwa safari ile lakini dunia ilisikia habari yao kutoka kwao. Na nyie madai yenu yawe hayo hayo, kusikika kwa hoja. Kwa mfano lile tangazo la Agosti 2024 la kufuta vijiji vya tarafa ya Ngorongoro, ambalo Mahakama Kuu hapa Arusha ililisimamisha mwezi huo huo, wageni watatu walilizungumzia? Waliohamia Msomera kule Handeni waliulizwa, wote, wanaofurahia na wasiofurahia? Maana hata ndani ya Wamasai hamko mawazo mamoja, na redio ikimleta mtu mmoja ikasema huyu ndo sauti ya Wamasai itakuwa imekosea tena kwa namna nyingine.

Kwa hiyo fanya hivi. Andika barua ukurasa mmoja kwa mhariri mkuu au meneja wa kituo. Weka tarehe, saa, maneno yenyewe kama yalivyosemwa bila kuongeza, halafu sema unachotaka: marekebisho hewani kwenye kipindi hicho hicho na saa ile ile, na kipindi kipya chenye watu wa kutoka kule, na uwapendekezee majina ya watu watatu wanne waliokubali, mwanamke awemo, na mmoja ajitolee kutafsiri Kimaa. Hilo la majina ndo linalobadilisha mambo, maana unawaondolea ile sababu ya kwamba hatukupata mtu. Wasipojibu au wakikujibu vibaya, peleka malalamiko TCRA, wana ofisi ya kanda hapa Arusha, ukiambatanisha barua yako. Unaweza pia kwenda Baraza la Habari Tanzania, lilianzishwa 1995 na wanahabari wenyewe, wanasuluhisha bila kukutoza hela, nguvu yao iko kwenye maridhiano na aibu ya kitaaluma, hawawezi kufungia redio, ila kwa unachokitafuta wewe mi naona ndo mlango mzuri kuliko wa TCRA. Uvumilivu unahitajika, hizi njia zote ni za polepole. Na wakati unasubiri usiache redio za jamii, ipo ya Loliondo kule Ololosokwan na ya Orkonerei kule Terrat Simanjiro, zinawajua watu wenu na zinaweza kufanya kipindi hicho mapema.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu nimeshaulizwa mara nyingi. Ndiyo ipo Arusha, na Mei 2017 iliwapa haki Waogiek dhidi ya serikali ya Kenya, kubaguliwa kukiwemo. Lakini Tanzania ilijiondoa kwenye tamko linaloruhusu mtu binafsi kushtaki moja kwa moja, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa kesi mpya. Ile ya Afrika Mashariki inapokea watu binafsi ila dhidi ya serikali na taasisi za Jumuiya, na ndani ya miezi miwili tangu tukio. Redio binafsi haimo.

Kuna mazingira ambayo hutakiwi kusubiri majibu ya barua. Mtu akitaja hewani au kwenye magrupu jina lako, unapokaa, au akisema watu fulani wapigwe au wafukuzwe mtaani, nenda polisi siku hiyo hiyo, usiende peke yako, na uandikiwe namba ya taarifa. Mwajiri akikuondoa au kukupunguzia zamu kwa sababu ya kabila lako au kwa sababu umelalamika, sheria ya ajira ya 2004 inakataza, na ukiachishwa kazi una siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, watu wengi wanapoteza haki hapo kwa kuchelewa. Kwenye hayo mawili tafuta wakili au msaidizi wa kisheria mkae naye uso kwa uso na karatasi mezani, msaada wa bure upo kwa asiye na uwezo, ulizia ustawi wa jamii wilayani au Chama cha Mawakili.

Na mwenzako wa Rombo mwombe asaini barua pamoja na wewe. Inaruhusiwa kabisa, naye ni msikilizaji wa kipindi kile. Mhariri akiona saini ya Mchaga chini ya malalamiko ya Mmasai hataweza kusema ni kelele za kabila moja. Peleka kwa mkono nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe ubaki nayo wewe, na ipeleke wiki hii maana kituo hakitunzi rekodi za vipindi milele.